Santuri za Tokyo: unacholipia ni karatasi

Weka santuri mbili mezani. Zote ni za Beatles, na zote zina wimbo uleule, "I Want to Hold Your Hand". Ya kwanza ilifyatuliwa Uingereza na kampuni ya Parlophone mwishoni mwa mwaka 1963. Imo ndani ya bahasha ya karatasi ya kijani yenye jina la kampuni na tundu la kuchungulia lebo, na bahasha hiyo ingeweza kubeba wimbo wa msanii mwingine yeyote wa Parlophone. Ya pili ilitoka Tokyo tarehe 5 Februari 1964, lebo ya Odeon, namba OR-1041. Hii ina jalada lake yenyewe: picha ya vijana wanne, jina la wimbo kwa Kijapani, bei, maelezo na maneno ya wimbo. Ukiitoa ndani, huenda santuri yenyewe ikawa nyekundu, na ukiinyanyua juu dhidi ya taa mwanga unapenya kama kwenye glasi ya juisi ya rosela.

Wakusanyaji wengi duniani wataichagua hii ya pili. Ukiwauliza sababu, jibu la haraka ni kwamba Wajapani wanafyatua santuri zenye sauti safi kuliko taifa lolote. Jibu hilo lina ukweli wake, ila limebandikwa kwenye miaka isiyo yake. Ukilichukua kama lilivyo utalipia kitu ambacho hakimo, na kilichomo utakipita bila kukiona.

Sifa ya sauti ya Japani ilijengwa hasa katika miaka ya 1970, na ilijengwa na santuri kubwa za nyimbo nyingi. Mwanzoni mwa muongo huo Nippon Victor, kampuni ambayo dunia inaijua zaidi kwa herufi JVC, ilibuni mfumo wa CD-4 wa kutoa sauti kwenye spika nne. Ili mfumo ule ufanye kazi, mifuo ya santuri, yaani vijistari ambamo sindano hupita, ilibidi ibebe mawimbi ya juu sana, juu kabisa ya yale ambayo sikio la mwanadamu linayapata. Plastiki ya kawaida ilikwanguka upesi mno, kwa hiyo ikatafutwa plastiki ngumu zaidi na tulivu zaidi, na sindano za umbo jipya. Miaka hiyohiyo bei ya mafuta ilipanda ghafla baada ya 1973, na viwanda vingi vya Marekani vikaanza kutoa santuri nyembamba, nyingine za plastiki iliyoyeyushwa tena. Mnunuzi aliyezishika zote mbili mkononi hakuhitaji kuelezwa. Ndipo neno "la Japani" lilipogeuka kuwa sifa.

Santuri ndogo za miaka ya 1960, zile za wimbo mmoja kila upande, zina historia nyingine. Wimbo uliorekodiwa London au Los Angeles ulisafirishwa hadi Tokyo ukiwa kwenye utepe, na utepe huo kwa kawaida ulikuwa nakala, wakati utepe asili ulibaki kwao. Fundi wa Tokyo alichonga bamba lake, lile la kufyatulia santuri, kutoka kwenye nakala hiyo. Kila hatua ya kunakili hupunguza kitu kidogo: ncha ya matoazi, pumzi ya mwimbaji kabla ya neno la kwanza. Kufyatua kwenyewe kulikuwa kwa uangalifu, na santuri iliyotunzwa haina mikwaruzo wala milio ya kukereketa. Utulivu wa plastiki na ukaribu wa sauti asilia ni mambo mawili tofauti. Anayetaka kusikia ngoma za Ringo, mpiga ngoma wa Beatles, zilivyotoka studio anunue ya Uingereza. Nasema hivi nikizipenda za Tokyo kwa moyo wote.

Sasa tuje kwenye rangi nyekundu, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Toshiba ni kampuni ya umeme: redio, jokofu, feni. Iliingia kwenye biashara ya santuri katika miaka ya 1950, na mwaka 1960 ikaunda kampuni tanzu ya muziki peke yake, ndiyo iliyokuwa na haki za lebo za Odeon, Capitol na Liberty. Wahandisi wake walikuwa na kero ambayo kila mwenye santuri anaijua: umemetuli. Unaifuta santuri kwa kitambaa, inajaa chaji, inanyonya vumbi lote la chumba, kisha sindano inapita juu ya vumbi na unasikia kama vibanzi vinapasuka motoni. Dawa yao ilikuwa kuchanganya ndani ya plastiki kitu cha kuzuia chaji hiyo. Santuri hizo zikaitwa Everclean, na zikatiwa rangi nyekundu ili mnunuzi azitambue kwa macho. Zilitolewa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi miaka ya mwanzo ya 1970.

Miaka hiyo ni mingi, na ndani yake kuna wimbo uliofyatuliwa mara tano au sita, safari nyingine kwa plastiki nyekundu, safari nyingine kwa nyeusi. Wauzaji wa mtandaoni huandika "nyekundu, toleo la kwanza" kana kwamba ni neno moja. Niliwahi kununua santuri ya Ventures, bendi ya magitaa ya Marekani, kwa maelezo hayo. Ilipofika nikasoma bei iliyochapwa kwenye jalada: yen 400. Toleo la kwanza la wimbo ule wa katikati ya muongo lilipaswa kuwa la yen 330. Santuri ilikuwa nyekundu kweli, nzuri kweli, na ilikuwa imefyatuliwa miaka kadhaa baadaye. Bei niliyolipa ilikuwa ya toleo la kwanza. Tangu siku hiyo huwa nasoma tarakimu ndogo kabla ya kutazama rangi.

Tarakimu hizo ni saa ya kuaminika. Santuri ndogo nchini Japani iliuzwa kwa yen 330 katikati ya miaka ya 1960, ikapanda hadi 370, kisha 400 kuelekea mwisho wa muongo, na kufikia 1974 ilikuwa 500. Bei ilichapwa kwenye jalada, kwa hiyo jalada lenyewe linakuambia umri wake. Na kwa kuwa dola moja ilikuwa yen 360 bila kubadilika kuanzia 1949 hadi 1971, yen 330 zile zilikuwa kama senti 92 za Marekani.

Saa ya pili ni herufi zilizotangulia namba. Kwa Beatles, OR ni Odeon, na ndiyo ya miaka ya 1964 hadi 1968. Beatles walipoanzisha kampuni yao ya muziki, Apple, Toshiba iliendelea kuuza nyimbo za zamani kwa lebo ya tufaha, ikibakiza namba ileile na kubadili herufi tu: OR-1041 ikawa AR-1041. Picha ni ileile. Ukiitazama kwenye simu, kwa picha ndogo yenye ukungu, hutaona tofauti. Mwaka 1977 zikaja tena, safari hii kwa herufi EAR, na picha zilezile zikatumika tena. Hivyo mtu anaweza kukuonyesha jalada la 1964 lililochapwa 1977 na asiwe amekudanganya neno hata moja, kama hukumuuliza herufi.

Saa ya tatu ni jina la kampuni lililochapwa kwa maandishi madogo chini ya jalada. Oktoba 1973 kampuni ya muziki ya Toshiba ilibadili jina na kuwa Toshiba-EMI. Ukiliona jina hilo, huna santuri ya miaka ya 1960 mkononi, hata muuzaji aape. Kwa Bob Dylan na Byrds mpaka uko kwingine: nyimbo za CBS, kampuni yao ya Marekani, zilitolewa Japani na Nippon Columbia hadi 1968, mwaka ambao CBS na Sony waliungana nusu kwa nusu na kuanzisha CBS/Sony. "Mr. Tambourine Man" yenye jina la Nippon Columbia ni ya kabla ya muungano huo. Rolling Stones walitolewa na King, tawi la muziki la wachapishaji wakubwa wa vitabu Kodansha, kwa lebo ya London. Elvis alikuwa mali ya Nippon Victor. Anayezijua nyumba hizi nne au tano anaweza kuisoma santuri kabla ya kuipiga, hata asipojua herufi moja ya Kijapani.

Lakini kwa nini jalada? Kwa nini Tokyo walichapa picha wakati London waliridhika na bahasha yenye tundu? Wazee wetu walionunua santuri Nairobi au Dar es Salaam wanaijua bahasha ile tupu ya kampuni, na hakuna aliyeiona kuwa ni upungufu. Marekani nayo ilikuwa na majalada ya picha, hasa kwa wakubwa kama Elvis, ila nyimbo nyingi za kawaida zilitoka zikiwa uchi. Uingereza picha zilibaki kwenye santuri za nyimbo nne. Japani ilikuwa kawaida: karibu kila wimbo wa kigeni, hata wa bendi ambayo haikuwahi kusikika tena, ulipata karatasi yake.

Sababu ninayoiona ni lugha na umbali. Kijana wa Osaka mwaka 1965 alisikia wimbo redioni, labda kwenye FEN, redio ya wanajeshi wa Marekani waliokuwa nchini humo. Wimbo aliupenda, maneno hakuyaelewa, waimbaji hakuwajua sura. Hadi Aprili 1964 Mjapani wa kawaida hakuruhusiwa hata kusafiri nje ya nchi kwa matembezi. Karatasi ile iliyokunjwa ikawa gazeti lake. Ilimpa sura, ikampa maneno ya Kiingereza aimbe, ikampa maelezo ya mchambuzi kwa lugha yake. Maneno yenyewe mara nyingine yaliandikwa kwa kusikiliza tu, na ukiyasoma leo unakuta mistari ambayo mwimbaji hakuitamka kamwe. Picha za waimbaji zilipokosekana, hasa kwa bendi za gitaa tupu, waliweka bahari, gari, au msichana ufukweni.

Na majina! Hapa ningeweza kukaa siku nzima. Kampuni zilikuwa na watu wa kuzipa nyimbo za kigeni majina ya Kijapani, na watu hao hawakuwa wakitafsiri. Walikuwa wakitunga. "I Want to Hold Your Hand" iliuzwa kwa jina "Dakishimetai", yaani nataka kukukumbatia nikubane. Kwa Kiingereza kijana anaomba kushika mkono tu. "Ticket to Ride" ikawa "Namida no Joshaken", tiketi ya machozi, na tangu nilipolijua jina hilo siwezi tena kuusikia wimbo ule bila kumwona mtu kituoni. "The House of the Rising Sun" ya Animals ikawa nyumba inayopigwa na jua la asubuhi. Wimbo wa gitaa wa Astronauts ulioitwa "Movin'", ambao kwao haukutikisa, Japani uliitwa "Taiyo no Kanata ni", kule ng'ambo ya jua, na ukapendwa sana. Wimbo wa Walker Brothers, "In My Room", ukawa jua la upweke. Machozi, jua, mapenzi: maneno hayo matatu yalibandikwa kwenye nyimbo nyingi kiasi kwamba msikilizaji wa Kijapani alikuwa na ramani yake ya roki, yenye majina ambayo waimbaji wenyewe wasingeyatambua.

Mtu anayekusanya kwa ajili ya sauti hana haja na haya. Kwangu mimi ndiyo kiini. Santuri ya London ni kumbukumbu ya bendi iliyoimba. Ya Tokyo ni kumbukumbu ya jinsi watu wa lugha nyingine kabisa walivyoupokea muziki huo na kuufanya wao.

Mapokezi hayo yalifika hadi kwenye kuchagua nyimbo. Kampuni za Japani zilichomoa wimbo kutoka kwenye santuri kubwa na kuutoa peke yake, bila kungoja London iamue. "Rock and Roll Music", wimbo wa Chuck Berry ambao Beatles waliurekodi mwaka 1964, Uingereza uliishi ndani ya santuri kubwa tu. Toshiba iliutoa kama santuri ndogo mwaka 1965, "Every Little Thing" ikiwa upande wa pili. Beatles walipokuja kupiga kwenye ukumbi wa Nippon Budokan, Tokyo, maonyesho matano kuanzia tarehe 30 Juni hadi 2 Julai 1966, wimbo waliofungulia jukwaa ulikuwa huo. Waliufungulia popote katika ziara ile, haikuwa zawadi maalumu kwa Tokyo. Lakini fikiria kijana aliyeketi mle ndani, aliyeununua kwa yen 330 zake mwaka uliotangulia, akisikia gitaa la kwanza. Santuri za namna hii, ambazo mpangilio wake wa upande wa A na wa B haupo kwingine, ndizo ninazomshauri anayeanza azitafute kwanza. Hazina mshindani wa London wa kulinganishwa naye.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha mpaka wa "wimbo wa kigeni" ulivyokuwa wa ajabu. Mwaka 1965 Nippon Columbia ilitoa, kwa lebo ya CBS, wimbo wa Kiingereza wa Emy Jackson uitwao "Crying in a Storm", kwa Kijapani "Namida no Taiyo", jua la machozi. Mtunzi wa maneno aliandikwa R. H. Rivers. Ukweli ni kwamba Rivers alikuwa Yukawa Reiko, mwandishi wa muziki wa Tokyo: yu ni maji ya moto, kawa ni mto. Wimbo ulikuwa wa Kijapani toka mwanzo. Kampuni za Japani wakati huo ziliwafunga watunzi wao kwa mikataba ya kipekee, na idara ya muziki wa ndani ilikuwa mali yao. Kupitia idara ya muziki wa kigeni, watunzi wa nje ya mfumo walipata mlango. Ukiikuta santuri hii kwenye sanduku la nyimbo za Marekani usimlaumu muuzaji. Iliwekwa hapo makusudi miaka sitini iliyopita.

Bila Ventures hadithi haijakamilika. Kwao Marekani walikuwa bendi nzuri ya magitaa. Japani, baada ya ziara ya Januari 1965, waliwasha moto ulioitwa eleki, yaani gitaa la umeme, na vijana wakaanzisha bendi kila mtaa. Wazazi na walimu waliogopa; mji wa Ashikaga mwaka huohuo uliwapiga marufuku wanafunzi wake kujihusisha na gitaa hilo. Kwa mkusanyaji maana yake ni hii: santuri za Ventures za Japani ni nyingi, nzuri na za bei nafuu, nyingi zikiwa nyekundu. Ndipo mahali pazuri pa kujifunzia kusoma majalada bila kuumia mfukoni.

Utakutana pia na santuri ndogo zenye tundu dogo katikati. Za kawaida za mizunguko 45 zina tundu kubwa, ndiyo maana Wajapani waliziita donatsu-ban, santuri za donati, na unahitaji kipande cha katikati ili zikae kwenye mashine. Zenye tundu dogo ziliitwa kompakuto. Zinazunguka mara 33 kwa dakika na zina nyimbo nne, kwa Beatles zikianzwa na herufi OP. Majalada yake ni magumu zaidi na picha zake mara nyingi ni bora. Sauti ni ya chini kidogo kwa sababu mifuo imebanana. Wageni wengi huzipita wakidhani si za enzi ileile.

Kisha kuna mihonban, nakala za mfano zilizopelekwa kwa redio na wachambuzi, mara nyingi zikiwa na lebo nyeupe na maandishi ya kuonya kwamba haziuzwi. Hizi zilifyatuliwa mapema na kwa idadi ndogo, kwa hiyo bamba lilikuwa bado halijachoka. Kama ipo Japani santuri ndogo ya miaka ya 1960 inayostahili kununuliwa kwa sikio, ni hiyo. Bei yake inalijua hilo pia.

Unaponunua, mwombe muuzaji picha nne: jalada mbele, jalada nyuma, lebo, na sehemu ya chini ya jalada ilipo bei. Asiyekuwa na la kuficha hukutumia. Jalada lililorudufiwa kwa mashine ya kisasa hujionyesha ukilikuza: chapa asilia ina vidoa vya wino vilivyopangika, nakala ina ukungu na weusi wake umefifia. Angalia pia kama karatasi ni ile yake. Jalada jembamba la Kijapani ni rahisi kutenganishwa na santuri yake na kuolewa na nyingine, na ndoa hizo ni nyingi sokoni: jalada la OR, santuri ya AR ndani.

Adui mkubwa wa vitu hivi ni unyevu. Majira ya mvua ya Japani, Juni na Julai, huacha madoa ya kahawia kwenye karatasi, na yakishaingia hayatoki. Anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja ana kazi hiyohiyo mwaka mzima. Usiiache santuri ndani ya jalada lake. Baada ya miaka, uzito wake huchora duara kwenye picha, na plastiki iliyobanwa na karatasi yenye unyevu hupata ukungu kwenye mifuo. Santuri iwekwe kwenye bahasha yake nyeupe ya kawaida, jalada liwekwe kwenye plastiki laini iliyo wazi juu ipumue, viwili hivyo vikae bega kwa bega, vikiwa vimesimama wima, mbali na ukuta wa nje.